Unyevu Ukutani: Mwongozo Kamili wa Kulinda Jengo la Tofali na Zege

Rangi imebabuka chini ya dirisha. Fundi anaitwa, anakwangua, anapiga skimu, anapaka rangi mpya, na ukuta unapendeza kwa miezi kadhaa. Mvua zikirudi, rangi inababuka palepale. Mwenye nyumba anailaumu rangi, ananunua ya aina nyingine, na mwaka unaofuata hali ni ileile. Nimekwangua kuta zenye matabaka matano ya rangi, moja juu ya jingine, na chini ya yote tofali bado limeloa. Huwa inaniuma, kwa sababu fedha zilizokwenda kwenye matabaka hayo mara nyingi zingetosha kuziba chanzo chenyewe.

Utaratibu nitakaoufuata hapa ni huu: jua maji yanatoka wapi, yaelekeze kwingine, ziba palipobaki wazi, uache ukuta ukauke, ndipo upake rangi. Mafundi wengi huanzia mwisho kwa sababu ndiko mwenye nyumba anakokutazama.

Maji yanavyokiharibu kitu kigumu

Tofali, mota na zege vina vitundu vidogo sana, na vingi vimeungana. Maji hupanda humo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, bila kusukumwa na chochote. Njiani huyeyusha chumvi zilizomo ardhini, kwenye mchanga wa lipu au ndani ya tofali lenyewe. Yakifika usoni mwa ukuta hukauka, chumvi ikabaki. Ule unga mweupe ambao wengi huuita magadi ni hiyo chumvi, wala hauna uhusiano na ukungu. Ikikaa juu ya ukuta, inafutika. Ikikaa nyuma ya rangi au ndani ya lipu, fuwele zake hukua na kusukuma, hadi lipu inalegea na kumwagika kama unga ukiigusa.

Kwenye zege lenye nondo mambo ni mazito zaidi. Zege jipya lina alkali kali, pH yake (kipimo cha ukali wa alkali) ikizidi 12, na katika alkali hiyo chuma hujivika ngozi nyembamba inayokizuia kushika kutu. Miaka inavyopita, kaboni dayoksaidi ya hewani hupenya polepole na kuipunguza alkali. pH ikishuka hadi karibu 9, ngozi ile hupotea, na tangu hapo kutu inahitaji maji na oksijeni tu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara 2 hadi 6, kwa hiyo nondo huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Chumvi ya bahari, au mchanga wa pwani uliotumika bila kuoshwa, huharakisha kazi hiyo, maana kloridi iliyomo kwenye chumvi hiyo huitoboa ngozi ya chuma hata kama alkali bado ipo. Kwenye nchi za baridi kali kuna pigo jingine: maji yakiganda ndani ya tofali hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kuumega uso wake.

Hatua ya 1: Fuatilia maji yanakotoka

Usikimbilie dukani. Chukua daftari, tochi na penseli, uzunguke jengo nje na ndani, na ukiweza fanya hivyo mvua ikiwa inanyesha. Nusu saa ya kusimama na mwavuli ukitazama maji yanapotiririka, yanapotuama na yanaporukia ukutani inafundisha kuliko siku nzima ya jua.

Kila aina ya unyevu ina alama zake. Unaopanda kutoka ardhini hukaa sehemu ya chini ya ukuta, kwa kawaida haupiti mita 1 au mita 1 na nusu, na juu yake huacha mstari wa chumvi unaopinda kama alama ya maji kupwa ufukweni. Upo masika na kiangazi. Unaopenya kutoka nje hutokea kama doa kwenye urefu wowote, huwa mkubwa baada ya mvua, na mara nyingi uko upande unaopigwa na upepo wa mvua. Unaotoka kwenye bomba haujali msimu, hukua kidogokidogo kila siku, na kama ni bomba la maji moto ukuta huwa na uvuguvugu ukiugusa. Wa mwisho ni jasho: mvuke wa ndani ya nyumba unaogeuka matone kwenye sehemu zenye baridi. Huu huonekana kwenye kona, nyuma ya kabati na pembezoni mwa madirisha, na rafiki yake mkubwa ni ukungu mweusi.

Alama hizo zinaweza kuchanganyika, kwa hiyo thibitisha kwa vipimo.

Kipimo cha nailoni kwanza. Kausha uso wa ukuta kwa kitambaa, bandika kipande cha nailoni angavu cha sentimita 45 kwa 45, na uzibe kingo zote nne kwa utepe wa gundi. Rudi baada ya siku 2. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakiwa juu ya nailoni, upande wa chumba, hewa ya chumba ina mvuke mwingi.

Kwa mabomba, funga koki zote usiku, pamoja na ile inayojaza tangi, soma mita ya maji na usitumie maji mpaka asubuhi. Namba ikisogea, kuna mahali panavuja baada ya mita.

Kwa ukuta wa nje, tumia mpira wa maji. Mtu mmoja awe ndani na tochi, mwingine amwagie nje maji ya taratibu kama ya mvua. Anza chini kabisa ya ukuta, kaa hapo dakika 15 hadi 20, kisha panda: chini ya dirisha, pembeni mwa dirisha, juu yake, hadi ukutani chini ya paa. Ukianzia juu, maji yatalowesha kila kitu yakishuka na hutajua yalipoingilia.

Kumbuka pia kwamba maji husafiri. Doa la dari lililo katikati ya chumba linaweza kuwa limeanzia ukutani mita kadhaa kutoka hapo, maji yakafuata bomba la nyaya za umeme lililozikwa kwenye slabu na kutokea kwenye tundu la taa. Ukiona unyevu karibu na soketi, swichi au taa, zima umeme wa sehemu hiyo kwanza na umwite fundi umeme. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Hatua ya 2: Yaondoe maji karibu na jengo

Hapa ndipo matatizo mengi huishia, na hatua hii haihitaji dawa yoyote ya dukani.

Anza na mifereji ya paa. Toa majani, mwaga ndoo ya maji upande mmoja, uone kama yote yanatokea upande wa pili au yanatuama katikati. Kagua viungio na vibanio. Kisha fuata bomba la kushushia maji mpaka linapoishia. Bomba linalomwaga maji ya paa zima kwenye kona ya msingi ni kosa ninaloliona kila mahali, na ni rahisi kulirekebisha: liongeze kipande kifikishe maji angalau mita 2 kutoka ukutani, au uliingize kwenye mtaro.

Tazama ardhi. Inatakiwa kushuka kutoka ukutani, angalau sentimita 15 ndani ya mita 3 za mwanzo. Kwenye sakafu ya zege au vigae vya nje, sentimita 2 kwa kila mita zinatosha. Halafu pima urefu: uso wa ardhi ubaki angalau sentimita 15 chini ya tabaka la kuzuia unyevu lililo kwenye msingi, yaani ile karatasi isiyopitisha maji inayolazwa ndani ya ukuta ili maji ya ardhini yasipande. Nyumba nyingi zilijengwa vizuri, kisha mwenyewe akaongeza udongo wa bustani, akaja akaweka vigae juu yake, na baada ya miaka michache ardhi imelipita lile tabaka. Hapo maji yana daraja la kuvukia. Chimba udongo uuondoe. Hakuna dawa inayoshinda koleo katika hali hii. Mimea inayomwagiliwa ihamishiwe mbali na ukuta.

Kama kiwanja chenyewe kiko bondeni, chimba mtaro wa kokoto upande maji yanakotokea. Tandika kitambaa cha kuchujia, weka kokoto safi, laza bomba lenye matundu likiwa na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, jaza kokoto tena, kisha ufunike kwa kitambaa kabla ya kurudisha udongo. Lazima bomba liishie mahali palipo chini zaidi, vinginevyo umechimba tangi. Mtaro usishuke chini ya kitako cha msingi, maana utauondolea msingi udongo unaoushikilia.

Hatua ya 3: Paa la zege na kingo zake

Wengi huamini kwamba zege nene halivuji. Slabu ikishapata nyufa ndogo za kukauka na za joto la mchana na baridi ya usiku, maji hupata njia. Kwa hiyo paa la zege linahitaji vitu viwili: mteremko na ngozi ya kuzuia maji.

Lenga mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Kazi ya mkono haikosi mabonde, na ukilenga hivyo utabaki na mteremko wa kutosha hata fundi akikosea kidogo. Kwa paa lililopo, subiri mvua, na siku 2 baadaye uchore kwa chaki kila dimbwi lililobaki. Madimbwi hayo ndiyo ya kujaziwa mota ya mteremko kabla ya jambo jingine lolote.

Kisha andaa uso. Ondoa vumbi, mafuta na vipande vilivyolegea, ziba nyufa, na kwenye kona ambapo slabu inakutana na ukuta wa pembeni jaza mota yenye mshazari, ili ngozi isivunjike ikipinda kona kali. Acha pakauke kabisa. Ngozi iliyobandikwa juu ya zege bichi huvimba kama maandazi jua likiwaka, kwa sababu mvuke ulio chini hauna pa kutokea.

Ukitumia karatasi ya lami inayobandikwa kwa moto, pakaza kwanza lami nyepesi ya kushikia, anza kutandika sehemu ya chini ya mteremko ukipanda, na upishanishe kingo sentimita 10 ubavuni na sentimita 15 mwishoni. Ukitumia dawa ya maji inayopakwa kwa brashi, weka matabaka angalau mawili, la pili likikatiza la kwanza, na kwenye kona zote na kuzunguka mabomba uzamishe wavu wa nyuzi ndani ya tabaka la kwanza likiwa bichi. Kwa aina zote mbili, ngozi ipande ukutani sentimita 15 juu ya uso wa mwisho wa paa. Sehemu zinazovuja zaidi ni tundu la kutolea maji, kitako cha bomba na kona, kwa hiyo hapo kazi isimamiwe na jicho lako mwenyewe.

Kabla ya kuweka vigae au kumlipa fundi malipo ya mwisho, fanya jaribio. Ziba matundu ya kutolea maji, jaza maji ya kina cha sentimita 3 hadi 5, acha siku 1 hadi 2, na ukague dari chini yake. Kila sentimita ya maji ina uzito wa kilo 10 kwa mita mraba, kwa hiyo kina cha sentimita 5 ni kilo 50. Kama slabu ni ya zamani au ina dalili za udhaifu, mhandisi aseme kwanza.

Usisahau kichwa cha ukuta unaozunguka paa. Kikiachwa bapa, maji huingia kwa juu na kushuka ndani ya ukuta mzima. Kifunike kwa kofia ya zege au bati inayoteremkia upande wa paa, iliyotokeza pande zote mbili, na chini ya kila ukingo iwe na mfereji mdogo wa kudondoshea maji.

Hatua ya 4: Kuta za nje na madirisha

Nyufa hazifanani. Ufa wa nywele, chini ya milimita 0.3, kwa kawaida hufunikwa na rangi nzuri ya nje inayovutika. Ufa mpana kuliko huo unahitaji kuzibwa, lakini kwanza ujue kama bado unatembea. Chora mstari wa penseli mahali ufa unapoishia, andika tarehe na upana, uurudie kila mwezi. Ufa uliotulia unaweza kujazwa mota ya kuzibia. Unaofunguka na kufunga kwa joto na baridi unataka silanti (gundi laini ya kuzibia) inayovutika: upanue kwa tindo au mashine, toa vumbi, ujaze, na uhakikishe silanti imeshika pande mbili tu za ufa bila kushika kitako chake, la sivyo itachanika. Ufa unaozidi milimita 5, unaopanda kwa ngazi kufuata mota, au unaozidi kukua mwezi hadi mwezi, ni habari ya msingi au muundo. Huo ni wa mhandisi, na kuuziba ni kuuficha tu.

Ukuta wa tofali zisizopigwa lipu hupitisha maji zaidi kwenye viungo vya mota kuliko kwenye tofali. Mota iliyolika itolewe kwa kina cha milimita 20 hadi 25, viungo vioshwe na kuloweshwa kidogo, kisha vijazwe kwa kushindiliwa. Mota mpya isiwe ngumu kuliko tofali. Kwenye majengo ya zamani yaliyojengwa kwa chokaa jambo hili ni la lazima: ukijaza saruji kali, maji hayawezi kutokea kwenye kiungo, yanatokea kwenye tofali, na tofali ndilo linaloanza kumeguka.

Dirisha lina sehemu tatu za kuangalia. Kizingiti cha chini kiteremke nje, kitokeze sentimita 4 hadi 5, na chini yake kiwe na mfereji wa kudondoshea maji. Kidole chako kikipita chini ya kizingiti bila kukutana na mfereji, umepata sababu ya doa lililo chini ya dirisha. Pembeni mwa fremu palipozibwa kwa mota pekee hupasuka, tumia silanti. Na matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya fremu ya alumini yasizibwe na rangi wala silanti.

Baada ya matengenezo hayo, ukuta unaopigwa sana na mvua unaweza kupakwa dawa ya silani au siloksani. Dawa hizi huingia ndani ya vitundu na kuyafanya maji yateleze kama kwenye jani la yungiyungi, huku mvuke ukiendelea kutoka. Hazizibi nyufa, na zisipakwe kwenye ukuta uliojaa chumvi au ambao bado unanyonya maji kutoka ardhini. Rangi ya mafuta kwenye ukuta wa nje uepukane nayo: huyazuia maji kutoka kuliko inavyoyazuia kuingia.

Hatua ya 5: Unyevu unaopanda kutoka msingini

Hakikisha hatua ya 2 imekamilika, kisha upe ukuta msimu mmoja. Mara nyingi unyevu unapungua wenyewe.

Ukibaki, huenda tabaka la kuzuia unyevu halikuwekwa au limechanika. Njia inayotumika sana ni kudunga krimu ya silani. Mashimo ya milimita 12 hutobolewa kwenye mstari wa mota, takriban sentimita 15 juu ya ardhi ya nje, yakiachana sentimita 10 hadi 12, na kina chake kikaribie upande wa pili bila kutokeza. Toa vumbi, jaza krimu kuanzia ndani ukirudi nje. Ukikosa mstari wa mota na kutoboa katikati ya tofali, krimu haitaungana kuwa tabaka moja.

Kazi haijaisha, kwa sababu chumvi bado iko kwenye lipu, na chumvi hunyonya maji kutoka hewani hata pale ardhi ilipokauka. Toa lipu yote iliyoathirika hadi sentimita 30 au zaidi juu ya alama ya mwisho ya unyevu, pukuta tofali kwa brashi ya waya, na uache wazi kwa muda mrefu uwezavyo. Kila chumvi mpya ikitokea ifagie ikiwa kavu. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Kisha piga lipu ya chokaa, au lipu maalumu yenye vitundu vya kuhifadhi chumvi. Jipsamu isiguse ukuta huu.

Kuna mtindo wa kubandika vigae au kupiga lipu ya saruji kali kwenye sehemu ya chini iliyoloa. Maji hayapati pa kutokea, hivyo hupanda juu zaidi. Nimeona alama iliyokuwa magotini ikafika kifuani namna hiyo.

Hatua ya 6: Zege lililoanza kumeguka

Gonga zege kwa nyundo ndogo. Likilia kwa mlio mkavu, liko salama. Likitoa mlio wa mtungi mtupu, limeachana na nondo. Kama ni nguzo, boriti au slabu na eneo ni kubwa, usiguse kitu kabla mhandisi hajaona na kuamua kama panahitaji kutegemezwa.

Kwa sehemu ndogo, kata mpaka wa eneo kwa mashine, ukingo uwe wima, kisha bomoa hadi nyuma ya nondo kwa sentimita 2. Endelea kufuata nondo mpaka ufike chuma kisicho na kutu. Kupaka saruji juu ya nondo yenye kutu ni kupoteza saruji. Mhandisi anaweza kunyunyizia kimiminika cha fenolifthalini kwenye zege lililovunjwa upya: panapogeuka rangi ya waridi alkali bado ipo, pasipobadilika imekwisha. Safisha chuma mpaka king'ae, na kama unene wake umepungua kwa macho, nondo ya kuongezea ipimwe. Paka dawa ya kukinga kutu, jaza mota ya ukarabati kwa matabaka, na uitunze kwa unyevu kama zege jipya. Mwisho paka uso wote, pamoja na sehemu zisizovunjwa, kwa rangi ya kinga. Palipo na kloridi, kutu hupenda kuanza upya pembeni mwa kiraka, kwa hiyo kagua hapo kila mwaka.

Hatua ya 7: Jasho la ndani

Kupika, kuoga, kufua na kupumua hutia lita kadhaa za maji hewani kila siku, na lazima yatoke. Fungua madirisha yanayokabiliana kwa dakika kadhaa asubuhi na jioni, weka feni ya kutolea hewa jikoni na bafuni inayotoa nje na siyo darini, anika nguo nje, na usogeze kabati sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani. Kipimo kidogo cha unyevu wa hewa kitakusaidia: kikibaki chini ya asilimia 60, ukungu haupati nafasi.

Ukungu uliopo ufutwe kwa maji na sabuni au dawa ya kuua ukungu, ukivaa barakoa na glavu, madirisha yakiwa wazi. Usiukwangue ukiwa mkavu, mbegu zake zitasambaa nyumba nzima. Na usichanganye kamwe dawa ya klorini na siki wala dawa yenye amonia. Hutoa hewa ya sumu.

Hatua ya 8: Acha ukauke, ndipo upake

Kanuni ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene wa ukuta. Ukuta wa sentimita 22 unaweza kuchukua miezi 9. Ni muda mrefu, najua, hasa watu wakiwa wanaishi humo. Saidia kwa upepo na feni. Joto kali la ghafla hupasua lipu. Rudia kipimo cha nailoni, na kikibaki kikavu tumia rangi inayopitisha mvuke: ya silikati, ya chokaa, au ya maji isiyo na mng'ao.

Kama bado unajenga

Kila kitu hapo juu kina bei nafuu wakati huu. Tandika nailoni nzito ya mikroni 250 au zaidi chini ya jamvi (zege la sakafu ya chini), ipishane angalau sentimita 15, na juu ya kokoto zenye ncha weka mchanga kwanza ili isitobolewe. Weka tabaka la kuzuia unyevu katika upana wote wa ukuta, liungane na nailoni ya jamvi, na usiruhusu lipu ya nje ilipite kwenda chini hadi ardhini.

Kwenye zege, simamia maji ya kuchanganyia. Kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, lita 25 ndiyo kikomo, ukihesabu na maji yaliyomo kwenye mchanga. Fundi akiongeza ndoo moja ili zege liwe jepesi kusambaza, maji yale yatakauka na kuacha vitundu. Nondo zikae kwenye vipande vya kuziinua: milimita 40 hadi 50 za zege upande wa nje, na milimita 75 zege likimwagwa moja kwa moja juu ya udongo. Shindilia vizuri pasibaki mashimo kama sega la nyuki, na umwagilie siku 7 bila kukosa.

Ukuta ulio chini ya ardhi uzibwe upande wa nje, udongo haujarudishwa, ili shinikizo la maji liisukume ngozi ukutani. Ukiziba kwa ndani maji yataisukuma itoke.

Ukaguzi

Mara mbili kwa mwaka, kabla na baada ya mvua kubwa, pitia mifereji, matundu ya paa, silanti za madirisha, urefu wa ardhi na nyufa ulizoandika tarehe. Silanti za nje hudumu miaka kadhaa tu, kwa hiyo zipange kama unavyopanga rangi. Na kila doa lililobaki lizungushie mstari wa penseli, andika tarehe pembeni yake, kisha upige picha. Mvua zijazo zikipita na doa likabaki ndani ya mstari, nunua rangi. Likivuka, rudi hatua ya 1 na mpira wa maji.